Tangi la Samaki Lilivyofurika Katikati ya Maombi

Mume wangu hajawahi kufuga hata kuku. Kwa hivyo jioni aliyotokea kwenye kichochoro chetu akisaidiana na mwenye mkokoteni kusukuma tangi la kioo, limefunikwa blanketi kama mgonjwa, nilisimama mlangoni, mikono kiunoni. Ofisi yao ilikuwa inahama. Tangi lilikuwa pale mapokezi, na mkubwa wao alipouliza nani analitaka, wenzake wote walitazama viatu vyao. Wangu akainua mkono.

"Litakaa wapi?" nikamuuliza. Sebule yetu hapa mtaa wa Jericho ni ile ambayo ukinyoosha miguu ukiwa kwenye kochi unagusa meza ya runinga.

"Pale kwa kabati la vyombo."

"Na vyombo?"

"Vyombo havina shida. Haviogelei."

Vyombo vikahamia chini ya kitanda. Tangi likawekwa juu ya meza yake ya chuma, na chini ya meza likakaa tangi jingine dogo la plastiki lenye chujio. Maji yalishuka kwa paipu moja, yakachujwa huko chini, kisha pampu ikayarudisha juu kwa paipu nyingine. Mume wangu alinieleza haya mara nyingi, kwa mikono yote miwili, kama polisi wa trafiki: haya yanashuka, haya yanapanda. Siku ya kwanza alifungulia pampu mpaka mwisho, na samaki wake wa rangi ya chungwa wakasukumwa wote kwenye kona moja, mikia ikipepea kama nguo kwenye kamba. Ikabidi apunguze valvu kidogo kidogo, uso ameubandika kwenye kioo, hadi wakaweza kugeuka bila kugongana.

Hapo ndipo mama mkwe alipofika kutoka kijijini, kule Magharibi, na unga wake na jogoo wake. Alisalimia, akakaa, akalitazama tangi kwa muda.

"Hawa mnawala lini?"

"Hawaliwi, Mama," mwanawe akamjibu. "Wanatazamwa."

"Wanatazamwa," akarudia mama mkwe, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kuwa jamaa yake amejiunga na dini asiyoielewa.

Tulimtandikia hapo hapo sebuleni. Asubuhi nilimkuta ameketi, leso kichwani, macho mekundu.

"Mwanangu, sijalala. Hayo maji yananiita chooni. Nikirudi nilale, yananiita tena."

Ilikuwa kweli. Mdomo wa ile paipu ya kurudisha maji uliishia juu ya uso wa maji, kwa hivyo maji yaliangukia ndani ya tangi yakichuruzika mchana na usiku. Mume wangu hawezi kuvumilia mama yake akikosa raha. Siku hiyo hiyo alinunua kipande cha paipu, akakiunganisha, mdomo ukafika karibu na mchanga wa chini. Sauti ikapotea kabisa. Mama mkwe akalala mpaka jua likamkuta. Mwanawe akawa anatembea nyumbani mabega juu, kama mhandisi aliyejenga bwawa.

Jumamosi ilikuwa zamu yetu kuwakaribisha akina mama wa kikundi chetu cha maombi. Walijaa kochi, viti vya kuazima na stuli ya jikoni. Mume wangu, kama ilivyo desturi yake, alijificha chumbani. Mama mkwe, akiwa mgeni wa heshima, aliombwa kuongoza, akaongoza kwa lugha ya kwao na kwa nguvu zote. Katikati ya maombi stima ikapotea, pampu ikazimika. Kwetu hakuna anayekatiza maombi kwa sababu ya stima, kwa hivyo yakaendelea, na mama mkwe akaanza kumsihi Mungu ateremshe baraka juu ya nyumba hii.

"Teremsha, Bwana!" wakaitikia wale wanaoelewa.

Nikahisi vidole vya miguu vimelowa. Nikafungua jicho moja. Mama mwenyekiti wetu, aliyekuwa karibu nami, aliinua mguu wa kulia, kisha wa kushoto, bila kuacha kusema amina.

"Teremsha zaidi!" mama mkwe akalia.

"Maji!" nikapiga kelele. "Jamani, maji!"

Maombi yakaisha bila amina ya mwisho. Viatu vikavuliwa, mikoba ikapandishwa juu ya meza, mabeseni yakatoka jikoni. Tangi dogo la chini lilikuwa limejaa mpaka ukingoni na linamwagika pande zote. Mume wangu akatoka chumbani akikimbia.

"Limepasuka?"

"Halijapasuka," nikamjibu.

"Sasa maji yanatoka wapi, na pampu imezimika?" akauliza, kama mtu aliyesalitiwa.

Huko juu samaki walikuwa wamebaki na nusu ya maji, wanazunguka. Niliangalia ile paipu. Maji yalikuwa yanashuka kwa njia ambayo yalipaswa kupandia, kimya kimya, na mvuto ule niliujua. Maji ya mfereji yakija tunajaza pipa nyuma ya jiko, kisha mimi huyatoa kwa mpira. Unafyonza kidogo kwa mdomo, unaushusha kwenye beseni, na maji yanajileta yenyewe mpaka uinue ule mwisho mwingine utoke majini.

"Huu ni mpira wa pipa!" nikamwambia. "Umezamisha mdomo wa paipu mpaka chini. Stima ikipotea, inafyonza tangi lote!"

Akaichomoa paipu majini. Ikameza hewa, ikakoroma kama mzee anayemaliza uji, na maji yakakatika. Akina mama wakapiga makofi.

"Na kwa nini uliizamisha?" mama mkwe akauliza, leso mkononi, akikamua.

Mume wangu akanitazama. Nami nikatazama dari. Utamwambiaje mama yako, mbele ya wanamaombi wenzake, kwamba nyumba imefurika kwa ajili ya safari zake za chooni?

"Kwa uzuri, Mama."

"Uzuri wa nani?"

"Wa samaki."

Hatukutaka kuirudisha ile sauti. Jioni nilichoma msumari kwenye makaa, yeye akashika paipu, tukatoboa tundu dogo mahali palipo chini kidogo tu ya uso wa maji. Maji yakishuka kidogo, tundu linabaki wazi, paipu inavuta hewa, mfyonzo unakatika. Tukapunguza pia maji ya tangi la chini ili yale machache yatakayoshuka yapate nafasi. Stima iliporudi nikachomoa plagi makusudi. Mume wangu alipiga magoti na taulo tayari. Maji yakapanda kwenye tangi la chini, yakapanda, yakasimama kabla ya kufika ukingoni. Alinikumbatia mbele ya mama yake, jambo ambalo kwao halifanywi, na mama yake akageuka kuangalia ukuta.

Baada ya siku kadhaa mama mkwe mwenyewe aliona mmoja wa konokono wadogo wa tangini amejibandika juu ya lile tundu.

"Huyu amekaa mlangoni," akasema, akachukua kijiti cha meno, akamwondoa. Tangu hapo kazi ikawa yake. Kila asubuhi kabla ya chai alikunja mkono wa gauni, akazibua tundu, akawasalimia samaki kwa lugha ya kwao. Alikuwa amesema atakaa wiki moja. Mvua ilianza, shamba likamngoja, naye bado alikuwa kwenye kochi letu akiwatazama samaki.