Joka Letu la Saa Kumi na Mbili Jioni

Niliposikia kwamba kile kitabu changu cha joka kimegeuzwa kuwa filamu ya vipindi, nilipiga kelele dukani hadi mteja aliyekuwa ananyoosha kitenge akakiangusha chini. Nasema kitabu changu, ingawa sikukiandika wala sikukinunua. Nilikisoma zamani nikiwa mwanafunzi Beni, huku kwetu Kongo, katika maktaba ya parokia. Nilicheka peke yangu, nikalia peke yangu, na miaka yote hiyo sikupata hata mtu mmoja wa kuzungumza naye habari zake. Sasa kingeonekana Butembo, sebuleni kwetu, kila siku saa kumi na mbili jioni! Nilitaka mtu mmoja tu akipende pamoja nami, na mtu huyo alikuwa mama.

Tatizo ni kwamba mama ni mtu wa kanisa. Televisheni ni yake, sebule ni yake, na joka analolijua ni lile la Ufunuo.

Jioni ya kwanza alikaa akimenya viazi, macho hayatoki kwenye kisu. Mara akatokea mchawi, kofia imemwendea upande.

"Iyi ni mambo ya bulozi," alisema mama. "Zima."

"Ngoja kidogo tu, mama! Ule mulozi hawezi kitu. Angalia!"

Mchawi yule huuza upepo sokoni, umefungwa ndani ya vikapu. Wateja wanafika nyumbani, wanafungua, hamna kitu, wanarudi na fimbo. Nilikuwa natafsiri Kifaransa mbiombio, mara nimesimama, mara nimepiga magoti, nikiigiza mteja na mchawi kwa wakati mmoja. Mama amefanya biashara ya maharagwe tangu ujana wake, kati ya Kanyabayonga na Butembo, na mteja mwenye hasira anamjua vizuri. Aliinua macho. Kisha akacheka, akacheka kweli, mpaka kiazi kikamtoka mkononi.

"Mais uyu mutu ni mubongo!" alisema, akimwita mchawi mwongo, na habari za kuzima zikaishia hapo. Nilitamani kuruka juu ya meza.

Jioni iliyofuata likaja joka lenyewe. Ni jike, dogo, linaogopa moshi, na kila likijaribu kutoa moto linapiga chafya. Mama alilipenda papo hapo. Kabla wiki haijaisha lilikuwa mtoto wa nyumba, na kwetu Wanande mtoto wa nyumba hakai bila jina lake la kuzaliwa. Majina hayo yanafuata mpangilio: binti wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, na hata wa kwanza akifariki, wa pili anabaki na jina la wa pili. Mama akalipa joka jina la binti wa kwanza.

"Iko peke yake, donc ni wa kwanza," alisema. Toka siku hiyo alikuwa ananiuliza kutoka jikoni, kwa jina hilohilo, kama mwanawe amefika na kama wamempa chakula.

Mimi niliyesoma kitabu nilijua amekosea, na ulimi ukaanza kuniwasha. Subira sikujaliwa.

"Hapana, mama," nilisema jioni moja. "Kulikuwa yai ingine mbele yake. Ile haikupasuka. Uyu ni wa pili."

Mama akarudisha macho kwenye kiazi. Kwenye televisheni joka lilichoma ndevu za mchawi, na yeye hakucheka. Nilijilaani moyoni. Nilikuwa nimempata mtu wangu, na sasa nimemharibia kwa kujifanya mjuaji. Nilisubiri aseme nizime.

"Basi ni kama weye," alisema.

Mimi nina jina la binti wa pili, na dada mkubwa sina. Kila Mnande ninayemtajia jina langu anaelewa mara moja. Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kunisimulia lolote, na mimi, pamoja na mdomo wangu wote huu, niliogopa kumuumiza mama.

"Na ule wa mu yai," aliendelea mama, "kitabu inasema alikuwaka namna gani?"

Nilifikiri. Nilikuwa nakijua kitabu kile karibu kwa moyo.

"Haisemi kitu, mama."

"Kwa sababu mwenye kuandika hakuuliza mama ya ule mutoto."

 Nilipunguza sauti ya televisheni, nikasogeza kiti hadi magoti yetu yakagusana.

"Na wetu, mama? Alikuwaka namna gani?"

Mama aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kitenge chake, na uso wake wote ukafunguka.

"Ah! Ule mutoto alikuwaka na makelele!" alisema. "Makelele kushinda weye!"