Sadaka ya Buji

Wiki hii nilikwenda Mbarara kwa ajili ya macho yangu, na nilipotoka hospitali harufu ya petroli ikanisimamisha mbele ya gereji. Fundi kijana alikuwa ameinamia gari lililomzidi baba yake umri. Alikuwa amelaza plagi, ile ambayo kwetu Kivu tuliiita buji, juu ya chuma cha injini, na mwenzake akizungusha injini. Cheche ikaruka, ya buluu.

"Maama, simama mbali kidogo," akaniambia. "Gari ya zamani hapana penda watu mingi."

Nikacheka, rafiki yangu, kwa maana gari la zamani nililolijua mimi lilipenda watu wengi sana.

Kanisa la utoto wangu lilikuwa milimani, na gari lake lilikuwa hilo moja tu. Msimu mmoja wa mavuno mama yangu alikuwa hospitali ng'ambo ya mlima, amejifungua kwa shida. Habari zikaja kwamba amepata nafuu, achukuliwe pamoja na mtoto. Bibi akafagia chumba, akaloweka maharage. Lakini gari halikuwaka. Buji zake zote nne zilikuwa zimekufa, na madukani hazikupatikana. Mchungaji akatangaza: mwenye buji ailete pamoja na mavuno.

Jumapili hiyo mbele ya madhabahu kulikuwa na mihogo, mahindi, kuku aliyefungwa miguu, na buji za kila namna. Baada ya ibada dereva wa kanisa alizijaribu moja moja uwanjani, sisi sote tumemzunguka. Ambazo hazikuingia katika tundu la injini aliziweka kando kwa heshima.

"Yako ni ya mashini ya kusaga, ndugu."

"Weka tu. Itasaga mawe ya barabara."

Nne ziliingia, na zote zilitoa cheche nzuri. Zilitoka katika familia nne. Dereva hakufurahi.

"Zinawaka, lakini hazifanane," alisema. "Kwa mulima zitagombana."

Shemasi akamjibu kwamba sadaka haichaguliwi. Ukipokea ya huyu na kuacha ya yule, umeleta maneno kanisani. Kwetu hilo lilikuwa jambo zito. Dereva akazifunga zote nne, nasi tukaimba.

Gari likateremka vizuri hadi mtoni. Lilipoanza kupanda likakohoa, likagonga kama mchi kwenye kinu kitupu, likasimama. Tulikimbia hadi pale, nami nikilia, kwa maana mlima ule ndio uliokuwa kati yangu na mama. Dereva akazifungua buji, akazipanga juu ya jani la mgomba. Moja ilikuwa nyeusi kwa masizi na mafuta: haikupata joto la kutosha katika injini ile iliyochoka. Mbili zilikuwa nyeupe kama majivu, zimeungua. Moja tu ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, rangi ya buji inayoifaa injini.

"Hii ni ya nani?"

Jirani yetu mfanyabiashara akainama. Ilitoka kwenye lori lake bovu, lenye buji nne kama gari letu.

"Na zingine tatu?"

"Ziko nyumbani."

Bibi akamtazama kwa upole. "Baba, mutu hawezi kuletea Mungu kiatu moja."

Watu wakacheka, naye akacheka. Kisha wenye zile buji nyingine, kabla hawajaulizwa, wakamwambia dereva, "Toa zetu. Tunataka mama, hatutake buji." Shemasi mwenyewe akawarudishia. Jirani akapanda mbio kwenda kwake, akarudi na tatu zilizofungwa kitambaani. Gari likaupanda mlima.

Jioni mama akashuka na mtoto mikononi, akauliza kwa nini kanisa zima linanuka petroli. Kila mmoja alitaka kumshika mtoto kwanza.

Gari lile tuliliacha tulipokimbia vita. Kanisa, nasikia, limeota nyasi. Wengi waliosimama pale barabarani wamelala udongoni. Wachache wako kambi ya Oruchinga, na wengine Mungu peke yake ndiye ajuaye walipo. Yule mtoto, mdogo wangu, ni bibi sasa hapa kambini Juru, na maharage yake husitawi kuliko yangu. Kila Jumapili akiingia kanisani amewashika wajukuu wake mkono, nawashukuru kimoyomoyo watu ambao hata majina yao nimeanza kuyasahau.