Siku Papa Aliponitoa Darasani

Papa, baba yangu, alikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule ya msingi moja ya Kadutu, mjini Bukavu, na nilipokuwa mdogo nilidhani hakuna kazi kubwa kuliko hiyo. Kila asubuhi alivaa abakosti, suti isiyovaliwa na tai, ya rangi ya majivu iliyopigwa pasi ya makaa, na watu walipomkuta njiani walimsalimu, "Citoyen mwalimu," yaani mwananchi mwalimu, wakampisha. Wakati huo tulipanga nyumba kule Nguba, karibu na ziwa. Mshahara wake peke yake ulilipa nyumba, ukatuvisha, ukatulisha. Siku ya kulipwa alirudi na mikate, sardini, na nyama iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Mama hakufanya biashara yoyote. Alipanda mboga za lengalenga nyuma ya nyumba kwa sababu alipenda kulima, basi.

Siwezi kusema ni mwezi gani mambo yaligeuka, kwa maana hayakugeuka kwa siku moja. Kwanza ilikoma nyama, kisha mikate. Na ajabu ni kwamba mshahara ulikuwa unaongezwa. Noti zilikuwa nyingi mpaka Papa akaacha kuzitia mfukoni, akawa anazibeba katika kifuko cha plastiki kama mtu aliyetoka kununua vitunguu. Mama alikipokea kile kifuko, akaenda sokoni, akarudi na kikapu kisichojaa hata nusu. Mwezi uliofuata noti zilizidi na kikapu kikapungua tena. Baadaye mshahara ulianza kuchelewa, na ulipofika bei zilikuwa zimeshaukimbia.

Tulihama Nguba. Tulipanda mlima wa Kadutu, tukaingia vyumba viwili vya udongo kwenye mteremko, na mvua ikinyesha tulisogeza mikeka mbali na ukuta. Tukaanza kula mara moja kwa siku, jioni, bugali na sombe, majani ya muhogo, isiyo na mafuta. Sambaza, wale dagaa wa ziwani, tulizisikia harufu tu kwa majirani.

Jioni moja Mama alisema atashuka bondeni kutafuta mchele. Wanawake wengine wa mtaa wetu walikuwa wakienda Luvungi na Luberizi, wananunua mchele kwa wakulima, wanaupandisha Bukavu juu ya kamyo, lori la mizigo, na kuuza kwa kopo.

Papa aliweka chini daftari alilokuwa anasahihisha. "Bibi ya mwalimu atapanda juu ya kamyo, juu ya magunia, pamoja na batu bote?"

"Bibi ya mwalimu iko analala njaa," Mama akajibu. "Na batoto bake pia."

Papa alilichukua tena lile daftari. Mama alikwenda.

Huo mchele ndio uliotuweka hai mwaka ule serikali ilipoacha kabisa kulipa walimu. Shule zilifungwa, walimu wakakaa nyumbani, watoto tukazurura mlimani. Mwishowe wazazi walikutana wakakubaliana kulipa walimu wao wenyewe. Kila mtoto alete pesa kila mwezi, na pesa hizo zikaitwa prime. Shule ikafunguliwa. Nilikuwa nimefika darasa la sita, darasa la Papa, mwaka wa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Darasani nilimwita Mwalimu kama wengine wote.

Kanuni ilikuwa moja: asiyeleta prime hasomi. Mkuu wa shule aliwapa walimu majina ya wasiolipa, na kila mwalimu aliyasoma katika darasa lake. Mwezi ule Mama hakuwa ameuza vizuri, na alichopata kilikwenda kwa mwenye nyumba aliyetishia kutoa mlango wetu kwenye bawaba. Papa alikwenda kumwomba mkuu akate prime yangu kwenye fungu lake yeye. Mkuu alikataa. Alimwambia walimu wote wana watoto pale, na wote wakikatwa hakutabaki kitu cha kugawana. Kila mmoja alete kwanza kama mzazi, kisha apokee kama mwalimu. Hayo niliyasikia baadaye. Siku yenyewe sikujua.

Tulikuwa tumemaliza kuimba tukakaa. Papa alisimama karibu na ubao, akasoma majina. Kila aliyeitwa alikusanya daftari lake akatoka. Wengine walicheka, kwani kufukuzwa kulikuwa jambo la kawaida. Kisha akasoma langu. Alilisoma lote, jina langu na la ukoo wetu ambalo ni lake pia, kwa sauti ile ile aliyosomea ya wengine.

Sikuondoka. Nilidhani amekosea, na nilingoja ajisahihishe.

"Umesikia jina lako?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi toka."

Alikuwa ananitazama mimi, hakutazama pembeni. Nilitoka. Nje wenzangu waliofukuzwa hawakunitania. Mmoja alinishika bega, jambo lililoniumiza kuliko mzaha, nikakimbia mpaka nyumbani.

Mama aliposikia alingoja Papa aingie na avue viatu. "Unafukuza mutoto yako mwenyewe?"

"Nikimuacha yeye, ba benzake nitabafukuza na macho gani?" Papa akasema. "Baba zao hawana kazi pia. Kuko ule mutoto, mama yake anauza makala ya kupikia. Nitoe ule, nibakishe wangu?"

"Hiyo pesa unamufukuzia ni ya kukulipa weye!"

"Najua."

"Sasa?"

"Najua, mama. Najua."

Alikaa kwenye kiti akashika kichwa kwa mikono miwili. Hakuniomba msamaha, na leo nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao siku ile sioni angeniomba kwa lipi. Lakini kwa siku kadhaa sikuweza kumpelekea maji ya kunawa. Nilimtuma mdogo wangu.

Kwa kuwa sikuwa na shule, Mama alinichukua kwenda Luberizi. Ilikuwa safari yangu ya kwanza bondeni. Joto la kule lilinishangaza, na mashamba ya mpunga yaliyolala sawa kama mkeka. Mama alinunua magunia mawili kwa pesa zote alizokuwa nazo na nyingine alizoazima kwa mwanamke mwenzake. Alisema yakiuzika atalipa deni, atalipa prime yangu, na pengine atatununulia makayabo, kwani tulikuwa tumesahau ladha ya samaki. Tulikaa juu ya magunia hayo, kamyo ikapanda mlima wa Ngomo polepole, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili hakuna kitu.

Tulipokwisha kupanda tulikuta kamba imefungwa barabarani. Askari walikuwa wachache. Yule aliyepanda hadi tulipokaa alikuwa kijana, amekonda, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba.

"Mama, kitisa," akasema kwa Kilingala, akionyesha gunia letu. Lishushe.

Mama alimwambia amekwisha kulipa kwenye kizuizi cha chini. Alimwita yule askari "mwanangu". Alimwambia ana mtoto aliyefukuzwa shule, akanionyesha.

Yule askari alinitazama, kisha akasema kwa Kiswahili, "Na siye hatulipwe, mama. Tutakula nini?"

Alishika gunia, Mama naye akalishika. Wakavutana. Gunia likapasuka, mchele ukamwagika juu ya watu, ukatiririka mpaka chini kwenye vumbi. Askari alikasirika kama kwamba Mama amemharibia mali yake. Alimpiga kofi, akachukua gunia la pili ambalo lilikuwa zima, akashuka nalo begani. Wenzake walifungua kamba.

Dereva alitupa muda kidogo. Tulipiga magoti barabarani, mimi na Mama na wanawake wawili waliotuonea huruma, tukachota mchele kwa viganja pamoja na changarawe, tukautia katika kitenge chake. Mama hakulia. Alikuwa akisema tu, "Chukua na huko. Na huko." Shavu lake lilikuwa limevimba.

Mchele ule haukuuzika. Tuliupepeta, tukauosha mara nyingi, bado ulikuwa na mawe. Ukawa chakula chetu. Jioni ya kwanza tulikaa kula, Papa akang'ata jiwe mpaka sote tukasikia. Aliacha kutafuna. Alimtazama Mama usoni, pale penye uvimbe, kisha akatoa jiwe mdomoni akaliweka pembeni ya sahani.

"Nitaenda Mwenga," akasema.

Sote tulijua maana yake. Mwenga watu walichimba dhahabu.

"Weye?" Mama akasema. "Na ile mikono?"

"Chaki haitulishi tena."

Aliondoka Jumatatu, saa ambayo angekuwa anaingia darasani. Abakosti aliiacha msumarini. Nafasi yake shuleni ilichukuliwa na kijana aliyetoka kumaliza masomo, naye alisoma majina vilevile.

Kwa muda mrefu hatukupata habari. Kisha mfanyabiashara mmoja akatuletea pesa kutoka kwake, zimefungwa ndani ya kitambaa. Mama alilipa sehemu ya deni, akalipa prime. Nilirudi darasani, nikafanya mtihani, nikafaulu. Hapakuwa na mtu wa kufurahi naye, kwa sababu wiki ile ile tuliambiwa shimo limewaangukia wachimbaji na Papa yumo. Walimtoa akiwa hai. Alirudi nyuma ya kamyo, mkono wa kulia umefungwa kwa vijiti, na vidole vitatu vya mkono huo havikukunjuka tena hadi alipokufa. Dhahabu hakurudi nayo. Alisema aliyoipata iliishia kwenye chakula, na chakula kule kilikuwa ghali kuliko Bukavu.

Sekondari sikuenda. Mdogo wangu ndiye aliyeendelea, naye kwa miaka miwili tu. Mimi nilikaa na Mama sokoni Kadutu, tukiuza mchele ambao sasa tulinunua kwa wengine, kopo kwa kopo, faida ikiwa kile tulichokula siku hiyo.

Alasiri moja redio ya jirani ilitangaza kwamba mishahara ya watumishi wa serikali imepandishwa, walimu wakiwemo. Vijana walipiga miluzi njiani. Papa alikuwa ameketi mlangoni, mkono mbaya umelala juu ya goti.

"Umesikia?" Mama akamuuliza.

"Nimesikia. Mchele iko ngapi leo?"

Mama alimwambia bei.

"Nenda nunua ule utapata," Papa akasema. "Sasa hivi. Kesho hautaipata kwa ile bei."

Mama alijifunga kitenge, akanishika mkono tukashuka mbio kuelekea sokoni. Tulipofika, wauzaji wa jumla walikuwa na redio pia. Walikuwa wamefunika magunia yao, na wa kwanza tuliyemuuliza alitutajia bei mpya.