Kitabu cha Sita Kiko Kaburini

Mimi hadithi za mazimwi sizipendi, hilo lieleweke mapema. Lakini tangu mama afariki msomaji ni mimi, kwa sababu macho ya baba yangu, mzee Nikolaus, yameingia ukungu, na mzee huyo bila vitabu vyake hakaliki naye.

Vitabu vyenyewe ni sita, hadithi moja ndefu ya ufalme ulio chini ya ziwa. Mama alivinunua kimoja kimoja alipokuwa mpishi chuoni, hapahapa Hombolo. Kila mwaka kiangazi kikiingia walikuwa wanaanza upya. Mama anasoma kwa sauti, baba kakaa kwenye kigoda anabishana na mfalme yuleyule aliyebishana naye mwaka jana na mwaka juzi. Nilikuwa nawaambia, jamani, mfalme hajabadilika, mnapoteza muda. Walikuwa hawanisikii kabisa.

Mwaka huu presha ilimchukua mama wakiwa katikati ya kitabu cha tano.

Sasa kuna Nurdini, fundi baiskeli, rika la baba. Huyu ni Mnyamwezi, na sisi Wagogo ni watani zake. Msibani mtani ana ruhusa ya kufanya lolote, na ukikasirika mwenye kasoro ni wewe. Basi siku ya mazishi, jeneza limeshashushwa, katekista ndiyo anamaliza sala, Nurdini akachomoa kitabu cha sita ndani ya koti lake.

"Mgogo huyu alininyima kitabu akiwa hai," akasema. "Haya, na aende nacho."

Akakitupa kaburini. Watu wakacheka huku wanalia, udongo ukafuata. Mimi nilichemka, lakini mtani utamfanya nini? Nikameza.

Arobaini ilipopita, baba akaniita. "Germana, tuendelee pale alipoishia mama yako."

Nikaendelea. Kutwa nzima nipo shambani napogoa mizabibu, jioni mikono inawaka moto, nakaa nasoma habari za majitu yanayokula chumvi. Na kadiri kurasa zilivyopungua ndivyo hasira zilivyonipanda, maana nilijua mzee anakwenda kukwama njiani. Macho yale ndiyo yanazidi kufa, na mke hana tena. Hata mwisho wa hadithi yake akose? Nilikwenda mjini Dodoma nikazunguka kwa wauza vitabu vya mtumba mpaka miguu ikavimba. Kitabu hakuna, na wengine hata jina lake hawajawahi kulisikia. Ubaya wa yote, na mimi nilikuwa nimeshanogewa. Binti wa mfalme yuko gizani, mlango umefungwa nyuma yake, nami sijui anatokaje.

Nikamfuata Nurdini kibandani kwake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mke wangu. Umeniletea zabibu?"

"Nimefuata kitabu cha baba."

"Kachimbe," akasema, akaendelea kujaza tairi upepo. Nilipobaki nimesimama pale, akaacha pampu. Safari hii hakuwa anatania. "Kamuulize baba yako, mama."

Nilirudi nimefura. Jioni ile nikasoma ukurasa wa mwisho wa kitabu cha tano, nikakifunga kwa kishindo.

"Kimekwisha, baba. Cha sita hatuna, kwa sababu ya mtani wako asiye na haya."

"Usimseme Nurdini. Kitabu nilimpa mimi."

"Wewe, baba?"

"Ningekiweka mwenyewe, katekista angeniuliza," akasema. "Shangazi zako wangeniuliza. Ukoo mzima ungeitisha kikao kujadili mzee anayezika vitabu. Mtani haulizwi. Na mama yako alikuwa hajafika mwisho."

Hapo hasira zote nilizozimeza zikatoka. Nikamwambia nimehangaika mji mzima kwa ajili yake. Nikamwambia nimemchukia mtu bure. "Na mama alikisoma kile kitabu kila mwaka, baba. Mwisho alikuwa anaujua."

"Hata mimi naujua," baba akasema. "Mbona ulikuwa unanisomea?"

Nilikaa na kile kitabu cha tano mapajani, nimekasirika bado, machozi yananitoka.

"Binti wa mfalme," nikasema mwishowe. "Alitoka?"

Baba akavuta kigoda chake karibu na changu.

"Sogea," akasema. "Hapa mama yako alikuwa anashusha sauti."