Binti wa Asubuhi Moja

Kosa langu la kijinga lilikuwa kuitika. Mimi ni mtu wa kukaa ndani, na siku niliyojikokota hadi mpakani, Petite Barrière, kununua maharage, ukungu wa ziwa ulikuwa umejaa barabarani, nami nilitembea kama ninaota. Bibi mmoja mwenye kikapu cha sombe, majani ya muhogo, akanishika mashavu.

“Mutoto yangu! Ulitoka Kampala lini?”

Badala ya kukana, nikasema, “Jana, mama.”

Viganja vyake vilikuwa na joto, na furaha yake ikanilevya. Tukatembea polepole hadi kwangu Mbugangari, mimi nikiwa binti yake aliyepotea miaka mingi. Alipouliza habari za huko, nilitikisa kichwa tu, nikaanza hata kuamini kwamba niliwahi kuondoka.

Mlangoni machozi yakamtoka, akataka twende kwake mara moja, wadogo zangu wanione. Jirani yangu, aliyekuwa akianika nguo, alikuwa amesikia yote.

“Mama, usilie bure,” akamwambia. “Huyu si mutoto yako. Huyu hata soko ya Mahoko, hapo tu karibu, hajafika.”