Kandambili Ukutani

Niliing'oa kandambili kwa mikono miwili, na ubao wote ukaanguka pamoja na makopo, vifuniko vya chupa na vipande vya maturubai. Wazungu wakarudi nyuma na glasi zao.

"Mama! Weye iko naharibu nini?" msanii akapiga kelele. "Ile ni sanaa!"

"Ile ni kandambili ya mutoto yangu."

Wazimu sikuwa nao. Chini ya kandambili hiyo, mahali ukanda unapopita, nilikuwa nimeweka kifungo cha blauzi yangu ya shule ili ukanda usichomoke, nikaufunga kwa waya wa redio. Nani mwingine Bunia alifanya hivyo? Binti yangu aliivaa asubuhi tuliyokimbia risasi. Mdogo wake alikuwa mgongoni, yeye nilimshika mkono. Watu wakatusukuma, mkono ukaniponyoka. Wengine walikimbilia njia ya Mahagi, wengine ya Komanda. Tangu hapo sijamwona, na sijui nianze kumtafuta njia ipi.

Msanii namjua. Zamani alikuwa anachora vichwa vya watu kwenye kuta za vinyozi. Risasi zilipopungua akaanza kuzunguka na gunia, anaokota tulivyoangusha. Mtaa ulimcheka. Muuza mandazi alimwambia, "Kaka, kwangu iko jalala nzima, kuya ubebe bure!" Wageni walipoanza kununua, kicheko kikageuka wivu. Mimi sikuwa na nafasi ya kumcheka. Nilikwenda kwenye nyumba ya wageni alikotundika mbao zake, kuomba kazi ya kufua, nikaiona kandambili ukutani. Chini yake wamebandika karatasi: Bila jina.

Mtoto wangu ana jina.

Kwanza nilimwuliza msanii kwa adabu. "Kaka, hii uliokota wapi?"

"Barabarani, mama."

"Barabara gani?"

"Nitakumbuka namna gani? Vyote nilichanganya ndani ya gunia. Hata ile kuchanganya njo maana ya kazi."

Hapo ndipo nilipoing'oa.

Mlinzi alininyang'anya, kwa sababu kuna bibi mzungu alikuwa ameshalipia. Mlangoni watu walikuwa wamejaa.

"Kandambili ni kandambili, mama. Bunia nzima inavaa hizo."

"Huyu anatafuta franga ya wazungu tu!"

Walipoambiwa uchafu ni sanaa, walibisha. Nilipowaambia ni ya mwanangu, wakabisha vilevile.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya mji. Karani akauliza, "Unadai pesa ngapi?"

"Sidai pesa."

"Sasa unashitaki nini? Takataka haina mwenyewe."

Nikamwomba karatasi. Niliandika nimesimama, mtoto analia mgongoni. Karani alipiga muhuri bila kusoma. Niliandika hivi:

"Kwa Mheshimiwa Mkuu wa mji. Mimi, mama wa watoto wawili, ninamshitaki msanii anayeuza vitu vya barabarani. Sisemi aliiba. Sidai malipo, na bibi aliyenunua abaki na ubao wake. Ninaomba msanii aitwe, atembezwe kwa miguu njia zote alizopita na gunia, mbele ya shahidi, mpaka aonyeshe mahali alipoinama kuokota kandambili ya mguu wa kushoto yenye kifungo cheupe. Ya mguu wa kulia nimeitafuta kwenye mbao zake zote. Haipo. Binti yangu bado anaivaa."