Mguu Niliokataa Kuuchua

Siku yangu ya kwanza kazini, katibu wa timu yetu ya Ilongero alinikabidhi begi la bandeji na dawa ya kuchua, akasema, "Kuanzia leo wewe ndiye daktari." Niliogopa. Kuchua misuli nilijifunza mwenyewe, kwa video za simu na miguu ya kaka zangu.

Kwa woga huo nilinunua futi ya fundi cherehani. Sikugusa mguu kabla ya kupima mashavu ya miguu yote miwili, kisha kupima tena, maana kipimo cha kwanza sikukiamini kamwe.

"Daktari, unanishonea suruali?" wachezaji walinitania.

Siku ya nusu fainali dhidi ya Mgori, mshambuliaji wetu Ramadhani, kijana mwenye nguvu zake, alikuja akichechemea. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limevimba, lina joto.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna. Nimeamka hivi. Hata mama mdogo alivimba hivihivi alipojifungua."

"Akapona?"

Akainama. "Tulimzika."

Kocha akafika anafoka. "Chua, bwana! Wenzetu wanapasha misuli."

"Kocha, sichui."

"Unaogopa nini?"

"Sijui, Kocha. Ndiyo maana naogopa."

Nilimpandisha Ramadhani bodaboda hadi hospitali mjini. Nyuma yetu Mgori walitufunga, na lawama zote zikawa zangu.

Daktari wa pale, mama mmoja mpole, alipitisha kifaa cha ultrasound juu ya mguu, akaona bonge la damu ndani ya mshipa.

"Mliuchua?"

"Hapana."

"Afadhali. Lingeweza kung'oka likapanda mapafuni."

Alipokwisha kusikia habari za mama mdogo, alitueleza kwamba zipo familia ambazo damu yao huganda upesi kupita kawaida, na hali hiyo hurithiwa. Hata kijana hupata. Ramadhani akanishika mkono.

"Zaituni," akasema.

Dada yake alikuwa mjamzito.

Sikula vizuri mpaka majibu ya vipimo vyao yaliporudi. Wote wawili walikuwa wamerithi. Ramadhani akaanzishiwa vidonge vya kuzuia damu kuganda, Zaituni akachomwa sindano za kazi hiyohiyo hadi baada ya kujifungua. Na alijifungua salama.

Nimestaafu nina miaka ishirini na sita. Mnacheka, lakini timu imepata mtaalamu aliyesomea, na mimi nimepumua. Ramadhani hachezi tena. Ni kocha msaidizi, na anafoka kuliko bosi wake. Wewe uliyepokea begi langu, usione haya kusema hujui.

Siku ya kuniaga, Zaituni alikuja uwanjani na mtoto mgongoni. Kocha, ambaye hakuwahi kuniomba radhi, akanitolea futi yangu begini.

"Daktari, hebu mpime na huyu."

Nikapima mguu mmoja, nikapima wa pili.

"Vipi?" akauliza Zaituni.

"Iko sawa."

Nikaikunja futi, nikaitia mfukoni. Sikurudia kipimo.